Vitobo

Tukuza inasoma yuniti moja na nukta mbili.
Nimezima feni, nimezima friji,
nimeacha taa ya mama na kompyuta yangu
isiyoshika chaji tangu Ramadhani.
Wete, Limbani, saa tano za usiku.
Fomu ya darubini inafungwa saa nane.

Mama anashona kofia ya bwana harusi wa Mtambwe.
Anatoboa, anazungusha uzi, anakaza,
anahesabu kwa midomo bila sauti.
Na mimi nahesabu.
Kuna nyota kibete, nyeupe,
imekufa kitambo na moto wake haujapoa,
na mwanga niutakao kwake ni urujuanimno
usiofika Wete wala popote chini ya hewa.
Sharti uchotwe juu, na chombo nisichopata kukigusa,
nacho kinangoja nikiambie: fungua. Funga.

Ndani yake mna bamba la vitobo,
mamilioni, vyembamba kuliko unywele.
Fotoni moja ikianguka ikagonga ukuta wa kitobo,
elektroni moja inaamsha mbili, mbili zinaamsha kumi,
huko chini ni kishindo,
na chombo kinaandika: kafika mmoja, hapa, saa hii.
Mmoja. Halafu mmoja.

"Ndoo yako yajaa lini?" ananiuliza,
maana jana nilimweleza kwa mfano wa mfereji.
Zinaingia elfu moja na mia sita kila sekunde,
kumbukumbu inameza milioni mbili tu,
kwa hiyo sekunde elfu moja mia mbili na hamsini,
na baada ya hapo yamwagikayo hayazoleki.
Naandika: imimine kila mia nane thelathini na tatu.
Theluthi mbili.
Woga nao una safu yake kwenye hesabu.

Saa sita kasorobo namwona.
Pembeni mwa nyota yangu, kwenye picha kuukuu,
jirani wa buluu ambaye orodha haikumtaja,
mkali, mkali mno.
Akichungulia tu kwenye tundu, bamba litaungua,
na hapana fundi wa kupanda huko na sindano.
Nazungusha darubini digrii kumi na nane. Yumo.
Thelathini. Yumo, ukingoni.
Arubaini na moja: katoka.
Lakini kwa pembe hiyo, mwaka mzima
unanibakishia siku sita.
Haya. Sita.

"Wala usichome pale pale," mama anasema,
hajui nimefika ukurasa gani,
anaisema kofia yake. "Nguo huchoka."
Na bamba huchoka. Mwanga ukiangukia mstari mmoja
mwaka baada ya mwaka, vitobo vinakuwa viziwi.
Nagawa muda mafungu manne,
kila fungu nausogeza wigo kidogo kando,
sekunde elfu moja na mia tatu kila moja,
mawili kabla Dunia haijaniziba,
mawili ikishanifungulia.

Daktari wa macho wa Mkoani alisema ni jua.
Miaka thelathini kibarazani, kitambaa cheupe mapajani,
na urujuanimno, si huu wangu,
ndugu yake mpole anayepenya hewa,
ukimwingia kidogo kidogo, bila wa kuuhesabu,
hata jicho la kushoto likawa maziwa.
Hakuna aliyemjazia fomu.
Hakuna aliyemwandikia: funga.

Saa saba na dakika kumi nabonyeza.
Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
Tukuza inalia mara tatu,
na nyumba yote inakuwa nyeusi.
Nakaa. Sijui imefika au haikufika.
Nasikia uzi ukipita kitambaani, ukikazwa, ukipita.

"Mama, umeme umekwisha."
"Ala?" Uzi haujasimama.
"Mia na arubaini na tatu," anasema. "Usinipoteze."